Wakala Mwenye Sauti Ndogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitolea. Mimi! Ukweli wenyewe: nilinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni, mwalimu akasema, "Asante, na wewe," akaandika jina langu kwenye orodha ya klabu. Kumsahihisha kulihitaji sentensi nzima mbele ya watu. Nikaona bora nijitolee. Nikajibana hadi kengele.

Klabu yenyewe inawaonya vijana walioacha shule kuhusu mawakala wa uongo — wale wanaokuahidi kazi ya mbali, ukifika wanakunyang'anya pasi na simu, unatumikishwa bila kulipwa wala kutoka nje. Vijitabu vyote ni vya Kiingereza. Nimepewa nivitafsiri. Afadhali. Karatasi haikutazami usoni.

Alhamisi, 6 Machi

Tutafanya maigizo. Mwenyekiti wetu — tunamwita Spika, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia — alitaka yeye ndiye awe wakala. Miwani myeusi, kifua mbele, njooni mtajirike. Mwalimu akamwambia, mwanangu, huyo hata mbuzi atamkimbia. Akatujaribisha wote. Zamu yangu nikasema maneno kwa sauti yangu hii ya kuomba radhi, macho chini.

"Huyu ndiye," mwalimu akasema. "Ndivyo wanavyokuja. Taratibu."

Sijui nimesifiwa au nimetukanwa. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Unayejificha chumbani wageni wakija? Utamrubuni nani?" Lakini akaniazima suti yake na viatu.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana ya ushonaji, wanakojifunza wasichana walioacha shule. Umeme ulikuwa umekatika, ndiyo maana fundi mkuu akaturuhusu. Mpango: tusiseme ni maigizo mpaka mwisho, ili wasichana wajionee jinsi mtu anavyonaswa. Mwalimu alikuwa na kikao. Alituamini.

Nilikuwa mzuri. Naandika mara moja tu, sitarudia. Nilipita meza kwa meza, nikawasifia mikono, nikawauliza habari za mama zao. Nikasema nafasi ni chache, usimwambie mtu kwanza, watu wana kijicho. Sehemu ya pili Spika aingie kama kijana aliyetoroka huko, afichue kila kitu. Akafungua mdomo — umeme ukarudi. Kulikuwa na sare za shule zinasubiriwa. Fundi akapiga makofi, haya, kazini. Mashine zote zikaunguruma. Spika akateseka peke yake pale katikati, mdomo unacheza kama wa samaki. Hakuna aliyesikia neno. Tukafunga mizigo tukipongezana. Wajinga.

Wakati wa kutoka, msichana anayeshona matundu ya vifungo akanivuta pembeni. Ananizidi umri, lakini suti ni suti.

"Dada, ile nafasi bado ipo?"

Nikadhani ananitania. Sijui kutaniwa. Nikasema, "Ipo." Akaomba namba yangu ya simu. Nikampa. Kukataa ningeanzia wapi?

Jumapili, 9 Machi

Hakuwa anatania. Ametuma picha ya cheti cha kuzaliwa. Na ujumbe: kuna kaka mmoja amemwahidi kazi za nyumbani ng'ambo, gari lake linaondoka Jumatano, lakini yeye amemwambia huyo kaka asubiri kwanza. "Wewe ndiye unaonekana mtu wa kweli."

Mtu wa kweli. Ndani ya viatu vya mama vilivyojazwa magazeti.

Nimeandika jibu kwa Kiingereza kwanza, huko nina ujasiri, nilikuwa kama wakili. Nilipolitafsiri kwa Kiswahili likawa: samahani kwa usumbufu, habari za nyumbani. Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia mwalimu. Hakufoka. Bora angefoka. Alivua miwani, akakaa.

"Ukimwambia kwa simu kwamba wewe ni wa uongo, atakwenda na yule. Tutamfuata uso kwa uso. Kesho."

Spika alisema kosa ni la umeme. Leo kwa mara ya kwanza nimempenda.

Jumanne, 11 Machi

Alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Nywele mpya. Alidhani ni usaili.

Nilimwambia yote huku nikiutazama mkasi wake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwongo ni wewe," akasema. "Yeye hajanidanganya hata siku moja."

Halafu nikamwuliza: huyo kaka alikuuliza habari za mama? Ndiyo. Alikusifia mikono? Akaitazama mikono yake. Alisema usimwambie mtu, watu wana kijicho? Akaacha kukunja kitambaa.

"Nani kakwambia?"

"Nilifundishwa kusema hivyohivyo."

Nikadhani nimeshinda. Yeye akamgeukia mwalimu. "Mafunzo yanaisha mwezi huu. Cherehani si yangu. Shangazi ameshasema nitafute pa kwenda. Nikibaki, nyinyi mna kazi gani ya kunipa?"

Mwalimu akasema ataulizia, kesho atakwenda ustawi wa jamii. Ataulizia. Hata mimi nililiona neno hilo likichechemea. Na msichana mwenyewe ni mtu mzima, hakuna wa kumfungia mlango.

Mwishowe nikapendekeza — mimi! — amwulize huyo kaka maswali ya kwenye kijitabu. Jina la mwajiri. Namba ya simu ya hiyo nyumba. Kama mwalimu anaweza kumsindikiza. Akibabaika tu, haendi. Akakubali. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

Sasa hivi ujumbe umeingia. "Amejibu yote, dada. Hakubabaika hata kidogo. Vizuri kuliko wewe."

Bila shaka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekariri majibu ya maswali hayo, Ijumaa nzima, mbele ya kioo. Kati ya watu wote mimi ndiye nilipaswa kujua kwamba mtu wa aina hiyo hababaiki.

Ujumbe mwingine. Gari halisubiri kesho tena. Ni leo.

Nimempigia mwalimu, amekimbilia kwa fundi. Mama amesimama mlangoni, ameshavaa viatu, anauliza huyo binti anakaa wapi. Sijui. Nilimwuliza habari za mama yake, sikumwuliza anakaa wapi.

"Basi mpigie," mama anasema. "Unaandika nini tena?"

Nimepiga. Naandika kwa mkono huu mwingine, bora ushike kitu. Inaita. Amepokea. Nyuma yake injini inanguruma.

"Sema haraka, dada," anasema.