Nilivyougeuza Mtungi wa Wifi

Jumamosi, mwezi wa pili, Bowie, Maryland. Jua limetoka lakini ni la mapambo tu, halipashi kitu. Theluji ya Jumatatu bado imelala uani, imekuwa ngumu kama chumvi ya mawe.

Rahma kalala kifuani kwangu. Ana miezi minne na ukimlaza kitandani anajua, kwa hiyo naandika kwa kidole gumba kimoja. Jana usiku aliniamsha mara nne. Dada yake Nuru, wa miaka mitano, aliniamsha mara moja tu, kutaka kujua kama samaki hupiga miayo.

Nimechoka. Lakini leo nimeona jambo, na nimefanya jambo, na yote mawili nataka niyaandike kabla sijaanza kujitetea.

Zuhura ni dada wa mume wangu. Anaishi nasi tangu mwaka juzi, chumba cha chini. Nilipoolewa mama alinionya: mume utamzoea, wifi utamvumilia. Basi nikakaa nikisubiri kuvumilia, mpaka leo sijapata nafasi. Ni fundi wa foklifti, vile vigari vya kunyanyulia mizigo maghalani. Za ghala lao kule Springfield zinatembea kwa gesi ya propani, hii hii ambayo majirani wanachomea nyama. Kila asubuhi anaondoka gizani na chakula chake kwenye kopo la siagi, anarudi ananuka grisi, na bado anamwogesha Nuru.

Mwezi uliopita akapata kazi ya pembeni. Kuna Bwana Curtis, Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili chuoni na akakataa kukisahau. Ana nyumba za wageni milimani, magharibi ya Maryland, ambako theluji haikatiki. Wageni wake huendesha pikipiki za theluji: mbele zina skii mbili za kuteleza, nyuma zina mkanda mpana wa mpira kama mnyororo wa kifaru cha vita. Anazo tano, zote injini za turbo. Petroli imemchosha. Wageni wenye watoto wanalalamikia moshi, na ikikaa tangini kiangazi kizima inaharibika. Gesi anayo tele, ndiyo inayopasha nyumba zake joto. Akawauliza mafundi wawili kama pikipiki hizo zinaweza kutembea kwa gesi, wakamcheka.

Zuhura hakucheka. Alimwambia, "Niletee moja. Ikinishinda utaichukua kama ulivyoileta."

Na ikikubali, zinakuja nne zilizobaki, naye anaacha zamu za ghala anaanza kazi yake mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa linaamuliwa leo saa nne asubuhi, uani kwangu.

Mimi nilimpa sharti moja. Mtungi wa gesi hauingii gereji, maana juu ya gereji ndiko wanakolala wanangu.

"Hata dakika moja, wifi?"

"Hata nusu."

Hakununa. Kazi yote ya mtungi na mipira ya gesi akaifanya nje, wiki tatu, vidole vikampasuka. Jioni nilikuwa nampaka vaselini. "Wewe mwanamke una roho ngumu," ananiambia huku amenyoosha mikono kama mtoto. "Na wewe una ngozi ya mayai, tulia," namjibu.

Nikimpelekea chai nilikuwa namwuliza maswali. Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia tuliachana vibaya, lakini Zuhura akieleza, unaelewa. Gesi ndani ya mtungi ni majimaji. Inatoka ikiwa majimaji, inapita kwenye regulata, kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, kinachopashwa na maji ya moto ya injini, na hapo ndipo inageuka kuwa hewa. Turbo nayo kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi na gesi isiongezeke, pistoni inaungua. Kwa hiyo ameweka kimpira chembamba kutoka kwenye turbo hadi kwenye regulata, kiende kusema: huku hewa imezidi, ongeza gesi. Nilikitazama kile kimpira, si kikubwa kuliko mrija wa soda. Nikawaza, mtu amesimama kwenye baridi hii, kwenye ua wangu, akalifikiria hili peke yake.

Alhamisi aliufunga mtungi kwa mara ya kwanza, umelala ubavu, nyuma ya kiti. Akaijaribu, ikaenda.

Sasa niseme langu.

Jana jioni alipomaliza kazi alifunga gesi na kuchomoa mpira wake, akashuka chumbani kwake. Mimi nikatoka kutupa taka nikauona mtungi umelala. Mimi nimekulia Morogoro. Mtungi wa gesi unasimama. Ukilala, bibi anaita majirani. Nilijua kwenye kazi unalazwa, lakini kazi si imekwisha? Usiku kucha ulale kwa nini? Nikafungua mikanda, nikauteremsha, nikausimamisha ukutani. Ulikuwa na mchoro wa chaki, nikajua ni Nuru huyo, nikaufuta kwa kitambaa cha jikoni. Leo asubuhi kabla Zuhura hajaamka nikaulaza tena mahali pake, kibandiko juu, upendeze mbele ya mgeni.

Bwana Curtis akafika na trela lake. "Habari za asubuhi, mama. Watoto hawajambo?" Anaongea kama anasoma kitabu, lakini kila neno linafika. Alikuwa na haraka, njia ya milimani ilitarajiwa kuingia theluji alasiri.

Zuhura akaunganisha mpira, akawasha. Ikanguruma taratibu, tamu kabisa. Akapanda, akashika njia ya kando ya ua, akafinya kiongeza mwendo, turbo ikaanza kupiga mluzi.

Ikakabwa.

Ilikuwa kama mtu aliyekabwa na ugali. Akazima haraka, akiogopea pistoni. Akakagua kile kimpira. Akabadilisha plagi. Akawasha, ikanguruma vizuri, akafinya, ikakabwa. Mara tatu. Nilikuwa dirishani jikoni na Rahma begani, namwona Bwana Curtis anatazama saa, halafu anajifanya hajatazama. Zuhura hakupiga kitu teke, hakutukana. Alipiga magoti kwenye theluji, akaanza upya kutoka mwanzo wa mpira, kiungo kimoja kimoja.

Ndipo nikauona mtungi. Tumbo lote limekuwa jeupe.

Hilo nalijua. Mtu yeyote aliyepika pilau ya shughuli kwa jiko kubwa la gesi analijua. Moto ukifunguliwa sana mtungi unatoka jasho, kisha unaganda, kisha moto unafifia, na mashangazi wanauzungushia kanga iliyochovywa maji ya uvuguvugu. Mtungi wa jikoni unaganda kwa sababu unatoa hewa, majimaji yanageuka humo humo ndani. Huu wa Zuhura unatakiwa utoe majimaji, na kugeuka hewa ni kule kwenye regulata, ambako maji ya moto yanazuia kuganda. Mbona unaganda huku?

Kwa sababu kuna mtu ameugeuza. Mdomo wake wa ndani, ule unaonyonya gesi, ulikuwa chini kwenye majimaji, sasa uko juu kwenye hewa. Na ule mchoro wa chaki haukuwa wa Nuru, ulikuwa alama ya Zuhura ya upande wa juu.

Nilibaki dirishani. Dakika tano nzima.

Nikawaza, nani atajua? Nikawaza mama mkwe akisikia. Kisha nikamwona Zuhura anapulizia vidole vyake, vile nilivyovipaka vaselini jana, na nikaona aibu ya kusimama kwenye joto. Nikamfunika mtoto, nikatoka na ndala, nikamwita pembeni.

"Wifi, mtungi nimeugeuza mimi. Jana niliusimamisha."

"Uliusimamisha kwa nini?"

"Ulikuwa umelala."

Alinitazama. Halafu akacheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Umelala! Ulitaka ukapige mswaki kwanza?" Lakini akasimama, na kicheko kikaisha. "Sikia. Huu una valvu ya usalama, lazima iwe juu. Ukiugeuza, siku valvu ikifunguka inatema majimaji. Usiuguse tena bila mimi."

Mimi na masharti yangu ya dakika na nusu dakika! Hatari niliyoifukuza gereji niliileta mwenyewe uani, kwa mikono yangu.

"Na mimi nina langu," akasema. "Foklifti ina kijipini pale mtungi unapolala. Ukiuweka vibaya, hauingii. Miaka sita macho yangu hayajahitaji kutazama. Huku pini sijaweka, nikategemea chaki."

Akafunga gesi, akageuza mtungi, akawasha. Akasubiri injini ipate joto. Akapanda, akafinya.

Jamani.

Kile kitu kiliondoka. Mluzi wa turbo ukapanda, theluji ikaruka nyuma yake kama unga unaopepetwa, na akafika mwisho wa ua kabla Nuru hajamaliza kusema wow. Aligeuza akarudi, kilemba kimemtoka, meno yote nje. Nikavuta pua. Hakuna moshi wa kuchoma koo. Bwana Curtis alipanda mwenyewe, akazunguka mara mbili, aliposhuka alisahau Kiswahili chote kwa dakika nzima. Kisha akakikumbuka: "Hongera sana, fundi. Ilikuwa na tatizo gani?"



"Mtungi ulikuwa umegeuka," Zuhura akasema. "Kosa langu. Fundi ndiye anayekagua."

Hakunitazama hata kidogo. Nami nilikuwa pale, ndala kwenye theluji, nikimpigapiga mtoto mgongoni kana kwamba analia. Hakuwa analia.

Nne zilizobaki zinakuja Jumatano.

Sasa hivi nasikia grainda huko nje, anaweka pini. Anasema akiimaliza hata mama mkwe hataweza kuulaza mtungi vibaya. Mimi nimetoa rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ya arusi ya mdogo wangu, achoree mshale. Haitoki kwa kitambaa cha jikoni, nimejaribu.

Jumatano Bwana Curtis akishuka kwenye gari nitampa chai kwanza, halafu nitamwambia ni nani aliyegeuza mtungi. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya Zuhura.

Na gereji, bado hauingii.