Msingi wa Upande wa Jikoni

Muyinga, tarehe 9 Septemba

Mdogo wangu Latifa,

Salamu nyingi zikufikie huko Gitega, wewe na wajukuu na hilo goti lako linalojua mvua kabla ya redio. Mi niko mzima. Meno yamebaki matano, lakini yanaelewana.

Nyumba ya baba tumeanza kuikarabati. Bati ni jipya, madirisha yana ile rangi ya kijani uliyoitaka. Umebaki ule ufa wa ukuta wa jikoni. Mi nilisema tuupake saruji, tupige rangi juu, maana hata bibi harusi hupambwa hivyo. Fundi akakataa.

Fundi ni Sefu. Ndiyo, Sefu huyo aliyetujengea. Alikuja mwenyewe na mwiko wake, nywele zimekuwa pamba, akasema hataki malipo, anataka tu kuchimba ajue alikosea wapi kabla hajafa. Unakumbuka ukuta ulipopasuka, naye akaja kukuposa, baba akamfukuza: asiyeweza kusimamisha ukuta atasimamishaje nyumba na binti yake? Mtaa mzima ukacheka. Wewe ukaolewa Gitega na marehemu, Mungu amrehemu, japo alikoroma.

Nilimtafutia Sefu kila sababu asichimbe. Nikamwambia kuna nyoka. Nikamwambia hapo tulimzika paka. Alichimba. Kina cha goti tu, jembe likazama hadi mpini. Hakuna jiwe, ni pango, na ndani nyuzi nyeusi za migomba iliyooza. Akaniangalia.

Latifa, kwetu fundi huanzia kwenye tofali. Msingi hujazwa na vijana wa nyumba, na kijana wa nyumba nilikuwa mi. Pande tatu nilijaza mawe kweli. Mawe ya upande wa nne nilimpa jirani Zakaria aliyekuwa akijenga choo, naye akaniazima baiskeli wiki mbili nipite mbele ya wasichana wa Gasorwe. Shimo nikalijaza vigogo vya migomba, nikafukia, nikashindilia kwa miguu. Wala hakuna msichana aliyegeuka. Siku baba anamfukuza Sefu nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Miaka arobaini na minane nimenyamaza. Hilo nimejaribu kulifanyia utani, halifanyiki.

Nilimwambia Sefu yote. Alikaa juu ya udongo, akasema samahani hiyo si yake peke yake: nikuandikie kwa mkono wangu, si kwa simu, na hatatia jiwe hata moja hadi ujibu. Mvua iko karibu na jikoni kuko wazi. Mawe nimeyabeba mwenyewe safari hii. Kila asubuhi anakuja na mwiko, anauliza umesema nini, na mi namjibu kwamba barua bado sijaituma.

Leo naituma. Ukitaka kunitukana, njoo unitukanie hapa, naye asikie.

Wabusu wajukuu. Mungu akulinde wewe na goti.

Kaka yako mkorofi,
Hamadi