Saa ya Kunyonyesha

Nyumbani kwako, chumba cha uani
Jumatano, 11 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unajitibu mwenyewe? Mimi ni mzima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Kilichonikalisha kuandika ni mkeo. Amerudi kazini. Likizo yake ya uzazi ilibaki zaidi ya mwezi, lakini tangu tumzike mtoto na wewe ukaondoka, alisema nyumba inamlemea.

Kiwandani hakuna anayejua msiba, kwa kuwa alijifungulia kwa Mama na tukazika huko huko. Siku ya kwanza wenzetu wa cherehani walimzunguka getini, wakamuuliza mtoto hajambo. Akajibu hajambo, kama mtu anavyoitikia salamu. Nilikuwa ubavuni pake. Nikanyamaza, nikidhani atawaambia akitulia.

Hakuwaambia. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Saa maana anatupimia hata muda wa chooni, akampa saa yake ya kunyonyesha, ambayo ni haki ya kila mzazi pale. Basi kila adhuhuri anaacha kola anazoshona, anaingia stoo ya vitambaa na kujifungia. Wenzake wanadhani anakamua maziwa ya kupeleka nyumbani.

Nilimwendea kwa siri katibu wa chama cha wafanyakazi. Akasema siku za likizo zilizobaki ni za mkeo, mtoto awepo asiwepo, kwa sababu amezaa na mwili unahitaji kupona. Saa ile ndiyo isiyo yake, na ikijulikana anaweza kufukuzwa. Nilipomweleza mkeo, alinitazama kana kwamba namsema mtu mwingine.

Sasa wenzetu wamepanga kuja kumwona mtoto Jumapili ya wiki ijayo. Wameshanunua na kofia. Naogopa, Kaka.

Jana nilimfuata stoo, nikakuta siku hiyo hakufunga kwa ufunguo. Alikuwa ameketi juu ya jora la kitambaa, blauzi wazi, maziwa yanamchuruzika hadi kwenye sketi, mikono ameikunja kifuani. Akaniambia taratibu, "Wifi, rudishia mlango. Ndiyo kwanza anasinzia."

Nikaurudishia. Kinachonitisha ni kwamba niliondoka kwa kunyata, nisije nikamwamsha.

Wewe ulipewa siku chache za likizo ya baba, ukazimalizia makaburini, ukakimbilia kazini. Tangu hapo hujamwandikia hata mstari. Sikulaumu sana, nakulaumu kidogo. Omba ruhusa, ukinyimwa, njoo hivyo hivyo, uwe hapa kabla ya Jumapili hiyo. Mimi nimeshindwa kumwambia. Wewe ndiye baba, na mnaweza kulia pamoja.

Mungu akufungulie njia na akulete salama. Mama anakusalimu, na Baba Mdogo pia. Mkeo naye anakusalimu sana. Ameniambia nisisahau kukuandikia kwamba mtoto ameanza kucheka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia.