Novatus Haandiki

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimejenga toleo jipya la programu yangu tena. La tatu leo. Msimbo mmoja, simu aina mbili, Androidi na aifoni. Ndivyo nilivyojitapa kwa ndugu zangu: ukoo mzima tutaongea sehemu moja, simu yoyote. Nimeiita Omuka, yaani "nyumbani" kwa lugha yetu ya Kinyambo. Kumi na mmoja wamejiunga. Kwa Mama picha zinasimama, kwa shangazi zinalala. Sielewi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilipanda bodaboda mpaka kijijini Ndama kumwona Mama. Kaniuliza mbona Novatus haandiki kitu humo. Kaka yangu huyo yuko Mwanza. Alijiunga, jina lake lipo. Wiki ya tatu sasa, kimya. Nikamjibu ni kosa la programu, aifoni yake inameza ujumbe. Nilisema bila kujua. Mama mwenyewe kumpigia hataki. Kasema mtoto ndiye huanza shikamoo. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeazima aifoni ya rafiki yangu, mwalimu wa kule Bugene. Nimeandika ujumbe. Umefika. Mwingine. Umefika. Nimezima mtandao, nimewasha, umefika. Siku zote naomba kosa lisiwepo. Leo naomba liwepo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeingia kwenye seva, ujumbe wote unakohifadhiwa. Mama ameandika mara arobaini. Shangazi tisa. Novatus hata mara moja. Lakini anafungua Omuka kila asubuhi. Anasoma yote, hasemi neno. Kichwa kimevurugika. Kosa la msimbo ningelirekebisha. Hili nilifanyeje?

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya misa nilimwambia Mama ukweli. Programu ni nzima, mimi ndiye niliyemdanganya. Hakunigombeza. Alimaliza kumenya ndizi, akanawa mikono, akaniambia nimpigie Novatus, kisha nimpe yeye simu.

"Umekula?" Ndilo neno la kwanza la Mama.

Nikamsikia kaka yangu analia simuni. Akasema kazi yake iliisha tangu Agosti. Kila asubuhi alikuwa akifungua Omuka aandike, anaona aibu, anafunga.

"Panda basi uje," Mama akasema. "Huku hatuli kazi yako."

Sijui kama Omuka imetusaidia au imetuchelewesha. Sijaigusa leo. Nilikaa jikoni na Mama, nikichochea moto, mpaka ndizi zikaiva. Tukala wawili.