Fundi Kesho, Mafundi Wako Walikuwepo

Ni mwaka mmoja sasa tangu tuifunike cherehani yako, Mama, na wateja bado wanachungulia dirishani. Uliwaambia "njoo kesho" mpaka wakakubandika jina la Fundi Kesho, nawe ukaliitikia. Lakini sare ya mtoto wa shule haikulala kwako hata siku moja. Ulikata uzi kwa meno huku mkasi uko mkononi, kisha ukatugombeza sisi tulipokuiga.

Ulipoanza kuburuta mguu kwenye pedali, Baba alikuambia, "Acha uvivu, mke wangu." Miaka miwili baadaye daktari akautaja ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao maltipo sklerosisi, na neno lile la uvivu likamganda Baba rohoni. Aliamini alikuchosha kwa kazi, ndiyo maana mwili ukashindwa kujitengeneza. Ulimcheka tu: "Mzee, usijipe ukubwa." Hakukusikia. Ulipoondoka, hakukanyaga tena chumba chako cha kushonea.

Ulisaini mwenyewe kwamba ubongo na uti wako wa mgongo wapewe watafiti. Dada yako mkubwa alikataa katakata, tukabishana msiba haujaisha, lakini tulikutii.

Mwezi uliopita daktari wako alituita, majibu ya watafiti yamefika. Alitueleza taratibu kwamba askari wa kinga ya mwili wako walilichubua ganda la mishipa yako ya fahamu, kisha wakabaki palepale wakipeleka ishara za vita. Chembe changa za kulitengeneza ganda hilo zilionekana tele kando ya majeraha. Ishara zile ndizo zilizozizuia zisikomae.

"Na kazi je?" Baba aliuliza. "Mimi nilimwambia mvivu."

"Haihusiki hata kidogo, mzee wangu. Mafundi walikuwepo. Waliambiwa wasubiri."

Baba akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe hata mwilini mwake walikuwa wanaambiwa njoo kesho!"

Tumepumua, Mama. Tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu tukuzike.

Jumamosi aliingia chumbani kwako, akaitoa cherehani kitambaa, akakaa kupunguza suruali yake. Mguu wa kwanza ulimshinda nusu saa nzima. Akajinyoosha mgongo: "Jamani, nimechoka."

Tukamjibu wote kwa pamoja, "Acha uvivu, Baba!"

Akacheka, akakanyaga pedali. Mguu wa pili umetoka mfupi, na anaivaa hivyohivyo.

Tunaokukumbuka ni mumeo, sisi wanao watatu, wakwe na wajukuu zako, na dada yako mkubwa, ambaye siku hizi anasema wazo la watafiti lilikuwa lake. Tutakukumbuka daima, Fundi Kesho, na kesho pia.