Msonobari Wenye Karafuu

Salme, Bibi sasa hivi katusimulia babake alivyoposa mwaka wa 1926. Bado siamini.

Huyo babake, Kombo, alikuwa karani wa msitu huko milimani, basi akajiona mkemia kamili. Alitua Voi siku moja kabla, na siku ya posa akawatokea wazee na chupa mbili za mafuta ya majani ya msonobari. Moja ya milimani. Nyingine ya msonobari wa stesheni ya Voi, mafuta aliyoyatoa kwa mvuke wa birika la ukweni.

Wazee wanangoja posa, bwana analinganisha viambato. "Huu wa Voi ni bora, una kiambato cha karafuu."

Cha karafuu, Salme.

Mwanamina, mchumba mwenyewe, akasema nyuma ya pazia, "Birika hilo twapikia chai ya karafuu."

Babake Mwanamina, kwa aibu ya birika lisiloshwa, akataka kumfukuza Kombo.

Mwanamina akamkubali. "Anayesifu birika chafu hivyo, hata wali wangu ukiungua atausifu."