Fono ya Buleusa na Shingo Yangu

Mama yangu,

Nakuamukia kutoka huku pori ya Walikale. Magoti iko namna gani na ile baridi ya Karuba? Ngombe zinatoa maziwa? Mimi niko muzima, munono hata. Hapa Buleusa kila muntu anajua Paulo, mwenye kuzungusha fono ya masomo!

Fono, Mama, ni kisanduku cha bazungu chenye kusema Kifaransa. Takataka kabisa. Mimi nilishatembea mpaka Goma, nilishaona mashini za kweli. Hii iko kopo yenye kukohoa. Lakini inspekteri alikataza monitere wetu, Papa Zakaria, kusema Kifaransa mu klasi, eti mudomo yake iko ya pori. Muntu mwenye kufundisha tangu mimi sina ndevu! Yeye anyamaze, fono ifundishe.

Na resori yake, ile chuma ya ndani yenye kuisukuma, ilishachoka. Nazungusha mpaka jasho. Ile sahani nyeusi yenye kuzunguka juu yake inaanza na sauti ya bibi muzungu, inalegea, inanguruma kama dume ya ngombe, kisha kimya. Nazungusha tena.

Juma hii inspekteri akakuja kusikiliza batoto. Bakasimama, bakaanza: "Bonjour, monsieur, nous sommes…" Sauti nyembamba, muzuri. Halafu bote bakalegea pamoja: "conteeents deee…" Bakanguruma, bakanyamaza katikati, bakaniangalia mimi.

"Munangoja nini?" inspekteri akauliza.

Kasichana kamoja kakajibu: "Bwana, Papa Paulo hajazungusha."

Mbavu zangu! Lakini inspekteri hakucheka. Akatoa karatasi ya kufukuza Papa Zakaria, eti ameharibu batoto. Na muke wake amezaa juzi!

Nikasema, "Bwana, ni resori njo imekufa."

"Mashini yetu haiharibikake!"

Basi nikaelewa: anatafuta shingo ya muntu ya kubebesha kosa, hatafuti ukweli. Na shingo yangu iko munene. Nikamuambia, "Bwana, ni mimi. Nilikuwa nasinzia wakati ya masomo, sikuzungusha." Akaandika jina langu pa ile karatasi ya kufukuza.

Papa Zakaria alinishika mukono, akautikisa tu, akautikisa. "Sema basi," nikamuambia, "fono imekufa, ni zamu yako!"

Kesho nashika njia ya Kalembe kwa miguu, narudi kwetu Karuba.

Umusalimie baba mudogo, muchungaji wetu, na dada Veronika mwenye kukusomea hii barua. Majirani bakiuliza, museme Paulo alifukuzwa sababu ya uvivu. Bakicheka, mucheke nabo. Ukweli ikifika kwa inspekteri, Papa Zakaria njo ataondoka.

Mutoto wako muvivu,
Paulo